Koti la Mzee Mrefu

Kwa niaba ya wananchi wote wa Kitale wanaovaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, yaani wananchi wote wa Kitale, inatangazwa kwa taadhima kuu kwamba Wilkista Nakhungu, binti Wekoye, mkaazi wa Kibomet, ametunukiwa uprofesa wa mitumba. Hakuusomea. Vyuo vikuu vina ada, mitihani na askari wa kuvunja migomo. Wilkista alikuwa na vidole tu. Alipitisha kidole gumba ndani ya ukosi wa shati akakuambia kama Mzungu aliyelivaa alikuwa mtu wa jembe au mtu wa ofisi. Alinusa sweta, akajua kama nondo wamekwisha taga mayai. Nguo haikuwahi kumdanganya. Profesa ameombwa kusema machache, na atayasema, lakini kwanza habari ya koti.

Miaka hiyo ya themanini mitumba haikuwa imemwagwa kando ya barabara kama ilivyokuja kuwa baadaye. Serikali haikutaka kuiona. Iliyopatikana ilivuka mpaka wa Uganda pale Suam juu ya punda, chini ya magunia ya maharagwe, au ilikuja kwa njia ya Bwana: misaada ya Wakristo wa ng'ambo, iliyouzwa kwa bei ya sadaka katika stoo ya misheni nyuma ya stesheni ya reli. Stoo ilifunguliwa Alhamisi. Wanawake walipanga foleni kabla umande haujakauka, wakaingizwa, wakasimamishwa mbele ya meza iliyofurika nguo, kisha wakaamriwa kufumba macho wawaombee waliotoa. Msimamizi, Mama Gathoni, alikuwa na sala ndefu, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu kabla ya amina.

Wajinga waliomba. Wilkista aliomba jicho moja likiwa wazi. Alipima mikono ya makoti iliyochungulia kwenye rundo, akasogeza mguu polepole, na amina ilipoanza tu kutoka kinywani mwa Mama Gathoni, yeye alikuwa amezama mpaka kwenye viwiko.

"Wilkista! Bwana hata hajamaliza kusikia!"

"Amesikia, Mama. Ananijua mimi niko na haraka."

Alizochagua alizitembeza nyumba kwa nyumba pale Kibomet. Zile bora kabisa hazikutembezwa. Hizo zilikuwa za Hiram, karani wa ghala la mahindi, kijana wa Bungoma mwenye mwandiko mzuri na mabega ya kupokea jaketi lolote. Alipofika Kitale alikuwa na suruali moja iliyong'aa makalioni. Wilkista akamvisha kuanzia soksi. Kila Jumapili Hiram alikuja kwake kunywa chai na kugeuka mbele ya kioo, na jirani walikwisha kumwita Wilkista "mama wa karani". Karani mwenyewe hakulipinga jina hilo. Wala hakutaja siku.

Mpaka jioni moja, akipuliza chai, akasema, "Wili, nitafutie koti. Ile ya maana. Ya mzee."

Wilkista karibu aangushe birika. Huko kwao Bungoma, mwanaume anapokwenda kuposa, ng'ombe ni ng'ombe. Wataingia zizini wachanganyike na wengine. Kitu kinachotazamwa ni koti analopelekewa baba wa msichana. Hilo mzee huenda nalo kanisani na matangani, na kila anayelishika huuliza, "Hili nalo limetoka kwa mkwe gani?" Mwanaume akimwambia msichana wake amtafutie koti la mzee, amekwisha kusema yote. Kuuliza "mzee gani?" ni utovu wa adabu, kama kumuuliza mgeni anaondoka lini. Wilkista alilelewa vizuri. Hakuuliza. Akainamisha macho.

"Mzee wa kimo gani?" alisema kwa kutania tu.

"Aah, si wewe ndiye unajua? Chagua. Mimi naamini macho yako peke yake."

Baba yake, Mzee Wekoye, alikuwa mrefu wa kuinamia kila mlango wa Bungoma isipokuwa ule wa kanisa. Makoti ya kimo hicho ni adimu. Wilkista alitafuta mpaka mahindi yakavunwa, ndipo Alhamisi moja akaliona: rangi ya makaa, zito kama kondoo aliyenyeshewa, bitana laini ya kuteleza, vifungo vya pembe na hata kimoja hakijatoka. Mfukoni mlikuwa na tikiti ya basi ya nchi ambayo herufi zake zimepandiwa vitone. Aliposhika mkono mmoja, Chepkorir, mwenzake wa foleni, alikuwa ameshika mwingine.

"Achilia, Chepkorir. Hii ni ya baba."

"Baba ya nani?"

"Yangu, bana! Ni ile ya mkwe."

Chepkorir akaachilia, akapiga vigelegele, stoo nzima ikadakia, na Mama Gathoni, akidhani Roho ameshuka, akaanzisha wimbo. Kufikia jioni Kibomet yote ilikuwa na habari.

Wilkista alilipiga pasi kwa kitambaa chenye maji, akamkabidhi Hiram. Hiram akamwambia, "Jumamosi nateremka huko nyumbani na wazee." Wilkista akatuma salamu mbele. Mama yake akakandika nyumba upya. Baba yake akanyolewa, akaita ndugu zake, na majirani waliapa kwamba walimwona peke yake uani, akinyoosha mabega kama mtu anayevishwa kitu.

Jumamosi ikafika. Kuku wakachinjwa. Wilkista akafichwa jikoni, kwa maana msichana anayeposwa hachungulii, akachungulia mpaka shingo ikamuuma. Chai ikapashwa, ikapashwa tena, ikawa nyeusi. Hakuna aliyetokea.

"Labda mto umejaa," alisema Mzee Wekoye.

Mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno.

Jumatatu Hiram alibisha mlango kule Kibomet, koti mkononi, uso umekunjamana.

"Wili, umeniangusha."

"Mimi?"

"Koti ni refu, bana! Mzee amevaa mbele ya watu, akakanyaga pindo, kidogo tu aingie kwa sufuria ya mchuzi. Sasa wanasema ati nimemcheka ufupi wake. Nipunguzie, ama unibadilishie."

"Mzee gani?"

Adabu ilikuwa imemwishia.

"Si babake Rispah, wa Chwele," akasema Hiram kama anayeelekeza njia ya posho mill. "Kwani sikukuambia? Wewe ni kama dada yangu kabisa. Hata nikienda kuoa, nataka mkono wako uwe ndani." Akakumbuka kitu. "Na gauni nyeupe ikiingia huko misheni, uniwekee. Ya mtu mwembamba."

Wilkista alimtazama. Shati lile alilipata kwa kukanyagwa vidole. Suruali ile alikesha akiipunguza kiuno. Mshipi, viatu, hata kitambaa cha mfukoni. Mtu alikuwa amekwenda kuposa Chwele amemvaa yeye kutoka utosini hadi kisiginoni. Angesema arudishiwe vyake, Hiram angetoka mle ndani uchi.

"Huyo mzee ananifika wapi?" akauliza.

"Hapa kwa bega."

"Acha koti. Kuja Ijumaa."

Ijumaa Hiram alipewa jingine, la hudhurungi, lenye ukosi wa mahameli. Lilimkaa mzee wa Chwele kama lililokatwa juu ya mwili wake. Wazee walisifu hasa pale kiunoni. Alilivaa ibada hata ibada, na mpaka leo hajatokea mtu wa kumwambia kwamba vifungo vyake vinafungwa upande wa kike, na kwamba zile nafasi mbili kifuani hazikuachwa kwa ajili ya Biblia.

Wilkista alicheka peke yake kwa wiki nzima. Kisha Krismasi ikaja, akabeba lile kubwa mpaka Bungoma.

Baba yake alilivaa uani. Mikono iliishia penye kifundo, pindo likasimama mahali pake. Mama akapiga makofi. Mzee Wekoye akanyoosha mabega, sasa kwa haki, kisha akatazama njia nyuma ya binti yake.

"Koti nimeona," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Nimenunua mimi, baba."

Mzee akafungua vifungo kimoja kimoja, pasipo hasira, akaenda kulitundika msumarini. Koti la binti ni nguo tu. Halikushuka pale tena. Kila Krismasi Wilkista alilikuta limeinamisha mabega ukutani, na kila Krismasi nondo walikuwa wamesogea kidogo.

Mitumba iliporuhusiwa miaka ya tisini, Wilkista akapata meza yake sokoni Kitale, na habari ya koti ikamfuata mpaka hapo. Basi ndipo msichana mmoja, Chepkemei, akiwa katikati ya kuchagua, akauliza kwa niaba yetu sote.

"Sasa, dada, ile siku ya Hiram. Ukweli, uliumia?"

Profesa alikunjua suruali, akaitazama ndani, akaikunja tena.

"Niliumia. Hiyo sweta umeshika ni ya mtoto."