Naomba Usogeze Lori Lako

Oili ya lori ilipotoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, Binti Pua alijua mambo yameharibika hata kabla fundi hajafungua mdomo. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Bloku ya injini ilikuwa imepasuka.

Jina hilo la Pua hakujichagulia. Lori lilikuwa la zamani, aina ile yenye boneti ndefu iliyochomoza mbele kama pua, na baba yake alikuwa amebeba nalo mchanga na matofali miaka mingi mpaka watu wa machimboni wakamwita Mzee Pua. Binti alianza kwa kukaa kiti cha pembeni, kisha akashika usukani siku ambazo mzee aliumwa mgongo, mwishowe akaushika siku zote. Mzee alipoanza kupotea kwenye njia ya machimboni, njia ambayo zamani angeipita amefumba macho, hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi moja alimkabidhi binti yake ufunguo, akasema mgongo unamsumbua. Wote wawili wakakubaliana hivyo, kwamba ni mgongo.

Toka hapo ugonjwa wa kusahau ulimla kidogo kidogo. Yalikwenda majina ya majirani, likaenda la mkewe, na siku nyingine hata sura ya binti yake ilimpotea. Sauti ya lori peke yake haikumtoka. Alasiri aliwekewa kiti barazani, na lori likiwa bado kwenye kona ya mbali, watu wengine hawajasikia kitu, yeye ameshainuka. Alikwenda getini, akasukuma milango yote miwili, akasimama kando na mkono juu kumwongoza dereva: njoo, njoo, kata kulia, basi. Binti Pua hakumwambia mtu, lakini katika siku nzima huo ndio wakati alioona bado ana baba.

Fundi wake aliitwa Kimya, kwa utani tu, maana mdomo wake haukuwa na breki.

"Dada yangu, nikufiche? Sikufichi," alisema akijifuta mikono. "Huyu ameshakwenda."

"Hakuna namna ya kuchomelea?"

"Ipo. Nitachomelea, utaondoka hapa ukinipungia mkono, na kabla hujafika machimboni utanipigia simu unanitukana. Chuma hiki ukikiziba hapa, kinapasuka pale."

Injini nyingine ya aina ile walikwisha kuitafuta. Walipata moja ambayo kranki yake, ule mhimili wa ndani, ilikuwa imekwanguliwa mno, na nyingine isiyo na kichwa. Kimya akamwonyesha injini ya basi lililogongwa kwa nyuma. Ilikuwa ya mitungi sita, na spea zake zilijaa kila duka. Alipoiwasha pale chini ilipokuwa imefungwa juu ya magogo, iliunguruma laini, bila kukohoa, kama cherehani kubwa. Binti Pua aliutazama moshi wake, akaona ni mwepesi na kidogo. Aliwaza milima, akawaza dizeli, akawaza klachi. Akasema, "Tuweke hii." Sauti haikumpitia akilini.

Kazi ilikuwa nzito, naye hakuwa mtu wa kukaa pembeni kusubiri. Walikata vishikio vya injini wakavichomelea upya. Mchonga vyuma akawatengenezea sahani ya kuiunganisha injini na giaboksi. Sampu, lile beseni la oili chini ya injini, iligonga ekseli ya mbele, ikabidi watafute nyingine yenye tumbo la nyuma. Na maji ya injini ile yalitokea upande usiolingana na rejeta. Kimya alitaka aunge mipira miwili iliyonyooka kwa kipande cha bomba katikati.

"Sitaki," alisema Binti Pua. "Kila kiungo ni mlango wa maji."

Alikunja waya kufuata njia ambayo mpira ungepita, akaenda nao mkononi duka hadi duka, akiulinganisha na mipira iliyoning'inia ukutani. Wenye maduka walimcheka. Duka la mwisho walimpa mpira wa trekta, ukaulalia ule waya kama ndugu yake.

Maji hayakuvuja. Oili ndiyo iliyovuja. Tone moja lilijikusanya pale injini inapokutana na giaboksi, likaanguka, likafuata jingine. Kimya akashika kichwa.

"Sili ya nyuma. Giaboksi inashuka tena."

Wakaishusha. Dukani kulikuwa na sili mbili, zile pete za mpira za kuzuia oili, moja nyembamba yenye mdomo mmoja, nyingine nene yenye midomo miwili. Binti Pua akachukua hiyo ya pili. Giaboksi ikapanda, wakawasha injini, na lile tone likarudi pale pale. Hapo alikaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, amekufa moyo kabisa.

"Inuka, dada," Kimya alimwambia. "Kamnunulie mtoto poda."

Waliiosha injini kwa sabuni, wakaikausha, wakaipaka poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe pee. Walipoiwasha, oili ilichora mstari mweusi juu ya weupe ule, na mstari haukuanzia chini. Ulianzia juu, kwenye swichi ya presha ya oili. Mtu fulani aliwahi kufunga pale swichi ya injini nyingine, nyuzi zake hazilingani, na oili ikawa inateremka kwa siri nyuma ya bloku. Wakafunga swichi yake halali kwa kipete kipya cha shaba. Pakawa pakavu.

"Sili ya watu tumeifunga jela bure," alisema Kimya, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi ile wote wawili wakacheka.

Alasiri ile alirudi nyumbani amejaa furaha. Wakati wote lori lilipokuwa gereji, mzee alikuwa akimuuliza mkewe, "Bado?" Na mama akimjibu, "Bado, liko kwa fundi." Binti Pua alipinda kona akiangalia geti. Geti halikufunguka. Akafika mbele yake, akasimama, injini inanguruma. Hakuna aliyetoka. Ikabidi ashuke alifungue mwenyewe, apande tena, aliingize lori uani.

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake barazani. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva wa hili?"

"Ni lori letu, baba. Limepona."

Mzee aliinuka, akaja polepole. Aliipapasa boneti, akaushika mbonyeo wa bampa alioubonyeza yeye mwenyewe zamani. "Linafanana sana na langu," alisema. Kisha akaacha kiganja chake juu ya boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Lakini langu haliongei hivi. Sasa, dereva, naomba usogeze lori lako. Langu liko njiani. Anakuja nalo binti yangu, na akikuta amezibiwa njia, yule hana subira."

Binti Pua alimgeukia mama yake aliyesimama mlangoni. Mama alifumba macho kidogo, kama kumwambia akubali. Basi akapanda, akarudi kinyumenyume, akaliegesha lori barabarani kando ya ukuta.

Kesho yake alikwenda gereji mapema.

"Ile injini ya zamani ipo?"

"Ipo kona ile. Kuku wanataga ndani."

Akamweleza. Kimya aliketi juu ya tairi, akasikiliza mpaka mwisho. "Hata nikiirudisha, dada, itaunguruma siku mbili ife. Labda tujaribu ekzosi."

Wakatoa silensa ya basi, wakafunga lile bomba nene la moshi la zamani. Sauti ikawa kubwa, nzito, na kwa masikio yao ilikaribia. Binti Pua akarudi nyumbani roho mkononi. Mzee alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, akimuuliza mkewe ni nani anayepiga kelele mtaani. Silensa ikarudishwa.

"Mwanangu, usimbishie tena," mama alimwambia jikoni. "Mimi ananiita dada, nami naitika."

Akapiga moyo konde. Akawa analiacha lori nje, anaingia kwa miguu, anamsalimia mzee kama dereva mpita njia. Mzee alimpokea vizuri. Madereva wanaheshimiana. Alimuuliza habari za barabara, za daraja jembamba, za mteremko wa machimboni.

"Lori langu hukuliona huko?"

"Nimeliona, mzee. Linapakia."

"Anaendeshaje yule binti?"

"Unamwonaje wewe?" akamrudishia.

Mzee alifikiri. "Ana mguu mzito kwenye klachi. Nimemkemea mpaka nimechoka. Lakini nikiwa naye ndani, nalala usingizi." Akamgusa mkono. "Hayo usimwambie. Atavimba kichwa."

"Simwambii," alisema Binti Pua, akainama kufunga kamba ya kiatu isiyokuwa imefunguka.

Yalikwenda hivyo msimu wote wa mvua. Lori lilifanya kazi bila kudondosha tone, na nje ya ukuta matairi yake yalichimba mitaro miwili kwenye udongo. Kisha maswali ya mzee yakaanza kupungua. Siku moja hakuulizia daraja. Siku nyingine hakumuulizia binti. Ikafika alasiri ambayo hakutaka kutoka kwenda barazani hata kidogo. Alilala kitandani akiangalia ukuta, na Binti Pua alipomsalimia, mzee hakumwita dereva wala jina jingine lolote.

Mama alimfuata hadi nje.

"Liingize ndani sasa," alimwambia. "Halisubiriwi tena."

Alifungua geti mwenyewe, akaliingiza lori taratibu mpaka mahali pake, pale penye madoa meusi ya oili ya zamani. Hakuzima injini. Alikaa usukanini, mikono juu ya mapaja, cherehani ile kubwa ikishona na kushona, mpaka mama alipokuja akapanda upande wa pili, akafunga mlango, akakaa naye.