Jiwe Lililokwisha Gusa Chuma

Shangazi hakununua jiwe la grinda kama watu wanavyonunua kiberiti. Mawe ndivyo mafundi wanavyoziita zile sahani za duara zinazofungwa kwenye grinda kukatia chuma na kukisugua, na kwake yeye kila jiwe lilikuwa na tabia zake, lichunguzwe kwanza ndipo liingie nyumbani. Alisimama mbele ya kaunta ya Bwana Kipimo, muuza mabomba na vifaa vya mafundi, akaligeuza jiwe huku na huku. Alisoma tarehe iliyogongwa kwenye pete ya bati katikati, akahakikisha kasi iliyoandikwa juu yake haizidiwi na kasi ya mashine yake, kisha akalipeleka mwangani kuona kama ukingo umemeguka.

"Shangazi, unanunua jiwe au unaposa?" Bwana Kipimo alimuuliza.

"Mchumba akinishinda namrudisha kwao. Hili likipasuka usoni, nani atanirudishia jicho?"

"Basi chukua haya manene, hayapasuki upesi."

"Manene ni ya kusagia, bwana wee. Ukikatia jiwe nene, unapoteza nusu ya bomba kwa vumbi. Nipe jembamba, la kukatia. Na usinipe lile la juu, limekaa juani dirishani tangu nizaliwe."

Wateja waliokuwa nyuma yake walicheka, na mmoja akaguna kwamba kwa mwendo huu duka litafungwa hawajahudumiwa. Bwana Kipimo alilalamika kwa mdomo tu. Moyoni alipenda kuuza kwa mtu anayejua anachotaka, na mara nyingi alimtengea mawe mapya kabla hajafika.

Jina la Shangazi alipewa na watoto wa kaka yake, likatoka uani, likavuka barabara, na sasa hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo. Karakana aliyofanyia kazi na kaka yake ilikuwa ya marehemu baba yao. Kaka alichomelea, yeye alikata na kung'arisha. Alikuwa amesoma akamaliza shule vizuri, na wengi walitegemea angekaa ofisini, lakini baba alipougua alivaa miwani ya kazi na aproni ya ngozi, na hakuvivua tena. Watu walipotaka kusifu geti au ngazi fulani hawakusema ni nzuri. Walisema imetoka kwa akina fulani, wakitaja ukoo. Hiyo ndiyo ilikuwa mali waliyoachiwa, na Shangazi aliilinda kama anavyolindwa mgonjwa: hataki apigwe na upepo.

Karakana ilikuwa na desturi moja ya baba yao. Jiwe likitumika likabaki nusu, halitupwi. Linatundikwa kwenye msumari mrefu pembeni mwa mlango, na yeyote mwenye kazi ndogo analichukua hapo. Msumari ule ulikuwa umejaa kama mkufu wa bibi harusi, na haukuwahi kumsumbua mtu, kwa sababu maisha yao yote walifanya kazi ya chuma cha kawaida.

Kisha wakapata kazi ya zahanati ya wazazi: vishikio vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwenye ngazi za mbele, ili akina mama wapate pa kushika wanapopanda. Mabomba yalitoka kwa Bwana Kipimo. Kazi ilipokwisha, vishikio vilimeta kiasi cha mtu kujitazama meno. Mkunga mkuu, mwanamke mfupi mwenye haraka, alipitisha kiganja juu yake akasema, "Hapa mmenitendea haki."

Mvua za kwanza ziliponyesha, mkunga mkuu aliwaita. Kwenye vishikio palikuwa na madoa ya rangi ya chai, kana kwamba mtu ametema mate akiwa na tumbaku mdomoni.

"Mliniambia chuma hiki hakishiki kutu," alisema.

Shangazi aliinama kutazama. Kabla hajainuka, kaka yake alikwishajibu.

"Bomba ndilo bovu, dada. Tumeuziwa stenlesi ya bandia. Bwana Kipimo huyo."

"Ndiye anayetaka kutuuzia mabomba ya maji ya jengo jipya?"

"Huyohuyo."

"Afadhali nimejua mapema," mkunga mkuu alisema, akageuka kwenda kwa wagonjwa wake.

Shangazi alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na hakika, na kumkatiza kaka mbele ya watu halikuwa jambo jepesi. Lakini njia nzima ukimya wake ulimwasha kama cheche iliyoingia ndani ya kiatu. Madoa hayakuwa kila mahali. Katikati ya mabomba palikuwa safi kabisa. Yalikuwa kwenye maungio tu, pale pale alipong'arisha kwa mkono wake.

Walipofika karakana alitafuta vipande viwili vya bomba lililobaki. Kimoja alikisugua kwa jiwe jipya la msasa, lile lenye vipande vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Cha pili alikisugua kwa jiwe la msasa alilolitoa msumarini, la aina ileile, lenye maandishi yaleyale. Akavilowesha vyote kwa maji ya chumvi, akaviweka dirishani.

"Unapika nini?" kaka alimtania.

"Jibu."

Asubuhi kipande cha kwanza kiling'aa kama kilivyolazwa. Cha pili kilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Shangazi alivipeleka vyote mpaka kwenye meza ya kuchomelea, akavilaza mbele ya kaka yake. Kaka alivua miwani. Alipitisha kidole juu ya madoa.

"Bomba ni moja," Shangazi alisema. "Jiwe ndilo lililotofautiana. Hili la msumarini lilipita kwenye chuma cha kawaida, likabeba unga wake, nami nikaupaka kwenye stenlesi. Ule unga ndio ulioshika kutu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi niliyelifunga kwenye grinda. Nilisoma maandishi yake yote, sikuuliza lilikotoka. Na wewe ndiye uliyelitumia kusugulia madirisha ya watu, ukalirudisha msumarini kimya."

"Na baba ndiye aliyeupiga msumari," kaka alisema. Wote wawili wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachokwisha upesi.

Shangazi alichukua kopo la biskuti lenye kifuniko, akaweka ndani mawe mapya ya stenlesi peke yao. Kaka alimwangalia.

"Tuyasugue madoa tu, yaishe," alisema. "Tukisema ni sisi, jina la baba litakwenda na maji."

"Kaka, umemwita mtu tapeli kwa mteja wake. Kila atakapouza bomba, ataulizwa habari ya ngazi zile. Jina la baba likibaki safi kwa kumpaka mwenzetu uchafu, mimi silitaki."

"Basi kaseme wewe. Wewe ndiye msomi, una maneno laini."

"Neno umelitoa wewe, na wewe ndiye mkubwa wetu. Siwezi kukumezea. Mimi nitasema la jiwe, wewe useme la bomba."

Kaka alifuta mikono kwa kitambaa mpaka ikawa safi kuliko siku ya sikukuu. Kisha akachukua koti lake.

Zahanati kaka alianza kwa habari za mvua, akaenda kwenye afya za watoto, akawa anaelekea kwenye ubovu wa barabara.

"Fundi," mkunga mkuu alimkatiza, "nina mama chumba cha pili hawezi kungoja. Sema."

"Bomba ni zima, dada. Nilikosea kusema ni bovu. Bwana Kipimo hana kosa, kosa ni letu."

Shangazi alieleza la jiwe, akatoa vile vipande viwili mfukoni. Mkunga mkuu alivishika, akavigeuza.

"Mnanieleza haya ili niwalipe tena?"

"Hapana," Shangazi alisema. "Tutayasugua upya kwa mawe ambayo hayajagusa kitu, tupake dawa ya kuondoa unga wa chuma, tuoshe. Tunataka tu maneno yale yafutike."

"Yangu mtayafutaje? Jana nimempigia simu, nikamsema mpaka akakata." Alishusha pumzi. "Nitampigia tena. Lakini na nyie nendeni, msimwachie simu yangu peke yake."

Dukani Bwana Kipimo alikuwa akipima nati. Hakuinua uso. Shangazi aliomba mawe ya msasa ya stenlesi. Muuzaji aliyamwaga juu ya kaunta bila neno la mzaha, akarudi kwenye nati zake. Kaka alisema lililompeleka, kwa sauti iliyosikika na wateja wote, bila kuzunguka safari hii.

"Unanitukana kwa mteja, halafu unaniomba radhi dukani kwangu," Bwana Kipimo alisema. "Kaseme kule ulikosemea."

"Tumetoka kule."

Hapo ndipo alipoinua uso. Alimtazama kaka, kisha Shangazi, kisha akaendelea kupima. Shangazi alichagua mawe yake moja moja kama kawaida, akisoma, akipeleka mwangani. Siku hiyo hakuna aliyemharakisha, na hilo lilimuumiza kuliko maneno.

Jioni walikuwa kwenye ngazi za zahanati, kaka akipaka dawa kwa brashi, Shangazi akisugua maungio. Watu walipanda na kushuka, wengine wakauliza kulikoni, naye kaka akawajibu kila mmoja kwamba kazi ilikuwa na kasoro, wanairekebisha. Mara ya kwanza alilitoa jibu lile kwa kigugumizi. Baadaye likawa linatoka lenyewe.

Bwana Kipimo alipita akiwa amefunga duka, funguo mkononi. Hakusalimia. Alipanda ngazi polepole, kiganja kikiteleza juu ya bomba lake, akashuka kwa upande wa pili. Karibu na ngazi ya mwisho alisimama, akainama, akakwaruza mahali kwa ukucha.

"Hapa bado," alisema.

Shangazi alisogea, akapaona. Akashusha miwani machoni, akawasha grinda, na Bwana Kipimo akasogea hatua moja tu pembeni, akabaki amesimama akitazama.