Meno ya Kinyozi

Juzi nilipita mbele ya gereji moja pale Tibirinzi, nikamkuta fundi anamwagia mafuta ya taa boliti iliyoganda. Harufu ile ya mafuta juu ya chuma chenye kutu ikanisimamisha njiani. Wenzangu wengi wa Pemba harufu ya utoto wao ni karafuu iliyoanikwa. Yangu ni hiyo ya kutu, na kila nikiisikia namkumbuka mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwomba radhi. Nivumilie kidogo nikueleze.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Wawi, mimi na Baba na Bibi mzaa baba. Nyuma ya nyumba ya jirani yetu, Mzee Hija, kulikuwa na banda la makuti, na ndani yake, chini ya turubali, ililala mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ile ya kuvutwa na trekta. Ililetwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa kabla sijazaliwa. Mradi ukafa, trekta likaondoka, mashine ikabaki. Mzee Hija alikuwa mlinzi, basi wakamwambia, "Tutunzie, tutarudi." Akatunza. Kila masika yakikaribia alibadilisha makuti. Sisi watoto tuliiita Kinyozi, maana tuliambiwa kazi yake ilikuwa kunyoa mabonde.

Ujue pia kwamba Mzee Hija alikuwa mtu wa amana. Mtu akienda Unguja kutibiwa, ufunguo wa nyumba aliuacha kwake. Hati za mashamba, dhahabu za kina mama, hata jogoo wa mvuvi aliyekwenda kupiga kambi mbali, vyote vilipita mikononi mwake na kurudi kama vilivyokuja. Mkewe, Bi Shumbana, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto hawakujaaliwa. Jina jema ndilo lililokuwa mali yote ya mzee.

Siku moja ikaja habari kwamba Kinyozi amepata mwenyewe mpya, mfugaji wa Jadida, kule Wete, aitwaye Bwana Nassor. Baba alikuwa fundi, akaitwa kuifungua mashine vipande vipande, kwa sababu kitu kizima kisingepita katikati ya mikarafuu mpaka barabarani. Vipande vingebebwa na gari la ng'ombe hadi kwenye lami, na pale lori lingepokea.

Baba alinichukua Jumanne ile nimshikie spana. Alikuwa na neno lake: "Usifungue kitu usichokijua kinavyofanya kazi." Basi akanieleza kabla hajagusa boliti. Magurudumu mawili ya chuma, mhimili katikati, na ubavuni mkono mrefu unaolala chini kama mkono wa mtu aliyejinyoosha mkekani. Juu ya mkono huo kuna ufito wa chuma uliogongelewa visu vya pembetatu, kimoja baada ya kimoja, kama meno ya papa. Trekta likitembea, ufito unakwenda na kurudi, na meno yanatafuna majani. "Meno yakikosekana," alisema, "hii ni toroli tu."

Wakavuta turubali. Bwana Nassor alikuwepo, na wanaume watatu wanne wa mtaani. Kinyozi alitakiwa kuwa na meno ishirini na mawili. Alikuwa nayo sita.

"Kinyozi kibogoyo!" mtu mmoja akasema, na watu wakacheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe, macho yote yakamgeukia Mzee Hija.

Yeye alikuwa ameinama, anapapasa mahali palipokuwa na meno. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Mlinzi," Bwana Nassor akamwambia, "vyuma chakavu vina wanunuzi wake, sivyo?"

"Sijauza kitu, yakhe."

"Basi tusome halbadiri. Aliyechukua itamfuata."

Halbadiri, kwa asiyeijua, ni kisomo cha kumwapiza mwizi, na kwetu hakitajwi ovyo. Mtu msafi anapokisikia husema, "Someni, hata sasa hivi." Mzee Hija alisema, "Isisomwe."

"Kwa nini?"

"Nimesema isisomwe."

Hapo kila mtu akapata jibu lake. Baba peke yake aliinama akakwaruza ufito kwa ukucha. "Kazi hii ya zamani," akasema. "Kutu imeshaota juu ya jeraha." Hakuna aliyemsikiliza. Bwana Nassor akatoa muda mpaka Ijumaa baada ya sala. Meno yasipopatikana, angekwenda kituo cha polisi.

Mimi nilikuwa nimeshika mojawapo ya yale sita, lililolegea, na mkono wangu ulikuwa unalijua. Pembetatu, tundu mbili upande mpana, makali yenye mikwaruzo midogo. Nyumbani kwetu lilikuwepo la namna ile ile, limetiwa mpini wa mti na kuzungushwa mpira wa baiskeli. Lilikuwa kisu cha mhogo cha Bibi. Nilikuwa nikimenyea mhogo tangu nina miaka sita.

Mwizi ni Bibi yangu!

Na Baba je? Si yeye aliyekuwa akilinoa kwenye jiwe lake? Mchana ule tulikula mhogo wa nazi. Nilimtazama Baba, akatazama sahani. Nilimtazama Bibi mdomo, maana nilisikia halbadiri humpinda mtu mdomo, na ingawa haikuwa imesomwa niliona kama umeanza kwenda upande.

"Una nini weye, wanikodolea macho kama samaki wa barafu?" Bibi akauliza.

"Sina kitu."

Baada ya alasiri nilikuwa barazani kwa Mzee Hija, nakusanya boliti kwenye kopo, alipofika Bi Time wa nyumba ya tatu. Alisalimu kwa adabu zote, kisha akasema, "Mzee Hija, nimekuja kuchukua vile vipuli vyangu. Kuna harusi."

"Harusi ya nani, Bi Time?"

"Itakuwapo tu."

Mzee akaingia ndani, akatoka na kifundo cha kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Jumatano asubuhi wakaja wengine wanne. Mmoja alitaka hati ya shamba, mwingine ufunguo, na wote walikuwa na harusi au safari ya ghafla. Bibi aliwaona kutoka uani kwetu akiwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini. "La," akasema, peke yake. "Hii si haki."

Akapika mkate wa kumimina. Ulipopoa aliuweka sahanini, akaufunika kawa, akanipa. "Mpelekee Mzee Hija. Usifunue."

Nilifunua nilipofika nyuma ya mkarafuu wa kwanza. Chini ya mkate, ndani ya jani la mgomba, lilikuwemo jino la Kinyozi, limevuliwa mpini na kuoshwa.

Njiani nikakutana na Riziki, binti wa Bi Time, naye kabeba sahani yenye kawa, anatembea kama kabeba mayai.

"Umechukua nini?" nikamuuliza.

"Mkate. Weye je?"

"Mkate."

Tukatembea hatua chache. "Mbona mkate wako wagonga?" akasema.

"Na wako je?"

Tukaongeza mwendo mpaka mlangoni.

Mzee Hija alipokea sahani zote mbili, akaingia nazo ndani, na akazirudisha na ndimu juu yake, kwani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. "Mwambieni kila mmoja wenu aliyemtuma, Mungu amlipe," akasema. Siku ile na ya pili yake sahani hazikukatika. Mtaa mzima ulikuwa umempikia mtu mmoja, na hakuna mwanamke aliyesema neno.

Alhamisi Baba alihesabu. Kumi na matano yamerudi, na yale sita, jumla ishirini na moja.

"Limebaki moja, Mzee."

"Hilo moja usilitafute, fundi."

Baba akaenda akakata kipande cha msumeno mbovu, akakichonga kwa tupa mpaka magharibi. Nami, niliyekuwa nimeketi pale na kopo langu, nikasema moyoni, kumbe! Kumbe naye analo. Wamerudisha wote, mwenye amana ndiye aliyebana.

Ijumaa Kinyozi akatoka. Magurudumu, mhimili, mkono umelala juu ya magunia, na meno ishirini na mawili ndani ya kikapu. Ng'ombe wawili wa gari waliuvuta mzigo wa mashine iliyotengenezwa kuwalisha, na waliuvuta bila shukrani. Bwana Nassor alihesabu mara mbili, akasema, "Mzee, nisamehe." Mzee akamsamehe. Jioni yake Bi Time alirudi na kifundo chake. "Harusi imeahirishwa," akasema. Mzee Hija akakipokea kwa mikono miwili, kama zamani. Mimi peke yangu sikumrudishia imani. Kwa miaka mingi nilimwamkia "Shikamoo" nikijua ninalolijua.

Bibi alinieleza nilipokuwa nimeshaolewa. Kulikuwa na mwaka mbaya, mhogo ndio chakula asubuhi na jioni, na visu vya jikoni vimekwisha makali. Bi Shumbana aliingia bandani kila mumewe alipokwenda sala ya adhuhuri, na kwa nyundo na tindo akang'oa jino moja moja, akawagawia wanawake. "Kinyozi hana ndevu za kunyoa," aliwaambia, "sisi tuna mhogo wa kumenya." Mumewe hakujua mpaka turubali lilipovutwa. Alipopapasa ule ufito aliitambua kazi ya mkono wa mkewe, kwa sababu jikoni kwake mlikuwa na kisu cha namna hiyo. Halbadiri ingesomwa, ingemfuata mkewe kaburini. Wanawake nao hawakuweza kujitetea bila kumtaja marehemu. Basi yeye akakubali kuitwa mwizi, wao wakakubali kupika.

Mzee Hija naye alipofariki nilikwenda kusaidia mapishi ya hitima. Nilitafuta cha kumenyea mhogo. Ukutani jikoni kwake, kwenye msumari, lilitundikwa lile jino la ishirini na mbili, mpini umezungushwa kipande cha leso kilichopauka. Makali yalikuwa na kutu. Halikuwa limetumika tangu aliyelishika alipoliacha.

Nililishusha. Bi Time, mzee sasa, aliinua macho kutoka kwenye sufuria yake.

"Lirudishe lilipokuwa, mwanangu," akasema. "Hiyo ni amana."

Nikalirudisha, nikamenya mhogo wote kwa kisu butu cha dukani.