Maji Baridi ya Shemeji

Siku hiyo Mama Mvuke aliwaka. Si kununa wala kunung'unika. Aliwaka hasa, na mwenye ubavu wa kumlaumu ajitokeze.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kwenye tangi. Vipuri vya alumini vilivyomiminwa kwenye kalibu vilipashwa tena tanuruni na kutolewa vikiwa moto wa kuunguza, naye akavishusha majini. Mvuke ulikuwa ukimfunika gubigubi, jina likaja lenyewe. Na maji hayo sharti yawe ya moto. Ukitumia ya baridi, kingo nyembamba hupoa na kusinyaa upesi huku kitovu kinene bado kina moto. Kitovu nacho kikija kusinyaa, vinavutana mpaka kipuri kinapinda. Hata ukikinyoosha, ule mvutano unabaki ndani.

Sasa msimamizi, kaka wa mumewe, kachoka kungoja maji yapate moto. Kafungulia ya baridi! Vipuri vikatoka vimekunjamana kama ganda la chungwa. Unadhani aliona haya? Thubutu! Aliagiza vigandamizwe kwa mashine hadi vinyooke, kisha vipelekwe kukerezwa.

"Shemeji, vitaruka hivyo," Mama Mvuke alimwambia. "Kisu kikigusa tu, vitajikunja upya na kuchomoka."

"Shemeji nawe! Kwako hakuna dogo."

Kumbe anayekereza ni nani? Mumewe Mama Mvuke! Asubuhi ileile kipuri kimoja kilichomoka mashineni, kikampita sikioni na kutoboa ukuta wa bati. Mwanamume akakiokota, akacheka.

"Siku yangu haijafika, mke wangu."

"Usinichekee mie! Nimeolewa na mtu au na gogo?"

Upole wa mume ndio uliomtibua zaidi. Alichukua kipuri kingine cha kundi lile, akakibwaga mbele ya msimamizi. Mafundi wote wakaacha kazi.

"Si kimenyooka, shemeji? Haya, njoo usimame anaposimama ndugu yako."

"Mimi si fundi wa kukereza."

"Nani kakwambia ukereze? Simama tu! Au mkuki kwa nguruwe mtamu?"

Watu waliguna. Msimamizi akajitutumua, akaja akasimama kando ya mashine. Mume, ambaye hakupenda ugomvi wa ndugu, alikifunga kipuri, akakikaza, akawasha. Kipuri kikaanza kuzunguka. Akashika gurudumu la kusogezea kisu, akaanza kulizungusha polepole kama kila siku.

Kisu kilikuwa hakijagusa bado. Msimamizi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akajibanza nyuma ya nguzo, mikono kichwani.

Mume akamwona. Akazima mashine. Lile tabasamu ambalo Mama Mvuke alilichukia tangu asubuhi likamtoka usoni.

"Kaka," alisema, "kumbe ulijua."