Maganda ya Kuamsha Askari

Udadisi utaniua kabla ya vita. Juzi nilitoka Gitega kwenye mafunzo ya kuchanja ng'ombe. Daktari alitueleza kwamba povu la maganda ya mti fulani wa mbali huchanganywa na chanjo ili kuamsha kinga, askari wa mwili. Je, miti yetu yenye povu nayo haiwezi? Nikabandua maganda ya mmoja huko Makebuko, nikapanda gari la kwenda Muyinga.

Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi akauliza, "We, iko nini mu mufuko?"

"Dawa ya kuamsha askari waliolala."

Mwenzake aliyekuwa akisinzia akakamata bunduki.

"Askari wa mwilini, afande! Wa ng'ombe!"

"Sisi ni ng'ombe?"

Nikatia maganda kwenye chupa yangu ya maji, nikatikisa. Povu likafurika.

"Kumbe iko sabuni!" Yule wa kwanza akavua shati. "Basi fua."

Nikafua, abiria wote wakinitazama, na kumbe yule daktari wa mafunzo naye yumo, kiti cha mbele.