Karatasi Nilizozichoma

Jirani yangu wa karakana hapa Wadi Kabir, Maskati, kila anapochoma maboksi, harufu ya karatasi huingia dirishani, nami husimamisha cherehani. Mwezi uliopita tulimzika Bibi. Nitakayoyasema ilifaa nimwambie yeye, si nyinyi.

Babu alikuwa mwandishi wa gazeti kule Unguja. Aliambiwa atie jina lake chini ya habari iliyomsingizia mtu aliyekuwa kifungoni, akakataa, na tangu hapo kwao hakukukalika. Hapa Maskati alipata kazi ya kuandika barua za ofisi. Jioni alikaa mezani, ananukia wino na kahawa, akiandika hadithi ndefu ya mtaa wake wa zamani. Aliiandika kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu. Ni mazoea aliyotoka nayo, kwani waliokuwa wakimpekua kule hawakuweza kuzisoma. Nakala ilikuwa hiyo moja.

Bibi alikuwa hamwachi. "Kitabu gani hicho, miaka saba! Tembo angekwisha jifungua."

"Tembo anazaa mtoto mmoja, bibie. Mimi nnazaa mtaa mzima."

"Na mimi nimo?"

"Umo mwishoni. Subiri."

Bibi alibinua mdomo, lakini siku ile alimpikia mkate wa kumimina.

Mimi nilikuwa na miaka sita. Mwalimu wetu wa Kurani alitufunza kwamba karatasi yenye maneno ya Mungu haikanyagwi. Ukiikuta chini uiokote, uibusu. Ikiwa imechakaa uichome kwa adabu, na majivu uyamwage pasipopita miguu. Kusoma sikujua bado. Nilijua sura ya herufi tu.

Babu akalazwa hospitali kwa ajili ya macho. Mchana mmoja, Bibi amelala, upepo ulifungua dirisha la chumba cha Babu. Nilipoingia, karatasi zilikuwa zimetapakaa sakafuni, na moja nilikuwa nimeshaikanyaga. Niliiokota, nikaibusu. Zilikuwa na madoa ya kahawa, maneno yamekatwakatwa kwa kalamu. Kwangu hizo zilikuwa zimechakaa. Nikatawadha. Nikazibeba uani kwa mafungu, nikabusu kila fungu, nikazitia katika jiko la makaa ambalo Bibi alikuwa amechomea samaki. Majivu niliyamwaga nyuma ya mdimu. Kisha nikakaa kusubiri kusifiwa.

Babu alirudi siku ya tatu, jicho limefungwa kitambaa. Nilimweleza mwenyewe, kwa fahari, tukiwa wawili tu.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, Babu. Hata moja sikuiacha chini."

Alikaa kitandani. Halafu akaniwekea mkono kichwani. "Umefanya ulivyofunzwa. Usimwambie mtu."

Bibi alipouliza karatasi ziko wapi, Babu alimjibu kuwa amezichoma yeye kabla ya kulazwa, kwa sababu hazikuwa nzuri.

"Na mimi niliyekuwa mwishoni?"

"Na wewe."

Bibi hakumsemesha mpaka mwezi mwingine ukaandama. Macho ya Babu hayakupona sawasawa, na hakuandika tena. Mpaka Babu anakufa, Bibi akikasirika alimwita "mwanamme aliyenichoma". Babu alikuwa akicheka kidogo, halafu anatazama pembeni, na mimi niko pale pale, nakula wali.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza kwa nini Babu alihama Unguja. Usiku ule sikulala. Mtu aliyepoteza nchi kwa kukataa kutia jina lake kwenye uongo, nyumbani mwake alilitia kwenye uongo wa kunisitiri mimi, na akaishi nao.

Wiki ya mwisho ya Bibi, nikimkanda miguu, aliniuliza, "Hivi babu yako aliniandika vipi?"

Nilimwambia sijui. Na ni kweli, sijui. Nikajificha nyuma ya ukweli huo, nikaendelea kumkanda.