Siku Niliyoulizwa Nani Alilima Pamba

Mume wangu alipelekwa vitani kwa sababu ya mapatano yaliyovunjwa. Ndivyo tulivyoambiwa. Mzungu aliyetawala upande wa Kabambare alikuja kwetu Wamaza, akatukusanya mbele ya nyumba ya sultani, chifu wetu, na kutueleza kwamba Ubelgiji, nchi yake iliyotutawala, ni nchi ndogo isiyomchokoza mtu, kwamba mataifa makubwa yaliandikiana kutoigusa, na Wajerumani wakaingia tu kama watu wanaoingia shamba lisilo na mwenyewe.

"Taifa likivunja mapatano ya mataifa," alisema, "ni adui wa dunia nzima."

Wanaume walipiga makofi, maana polisi wa sultani alikuwa anaangalia nani hapigi. Haukupita muda, mume wangu akachukuliwa kuwa askari. Nilikuwa bado bibi harusi.

Alirudi na kifua kibovu na tabia ya kunywa chai akiwa amesimama. Vita vilimfikisha Misri, na huko alilazwa muda mrefu katika hospitali ya jeshi. Kwenye kitanda cha jirani alilala askari wa Tanganyika, zamani mwalimu, aliyewasomea wagonjwa magazeti kwa Kiswahili. Kwa mtu huyo mume wangu alisikia kwamba kabla ya vita mataifa yalikaa katika mji mmoja wa Ulaya yakaandikiana jambo jingine: mtu asilazimishwe kazi kwa vitisho.

"Na Ubelgiji?" alimuuliza.

"Nayo imo."

Alinieleza hayo tukiwa tunamenya mihogo, kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya ukuta. Mimi niliogopa. Nilimwambia maneno ya Misri ayaache Misri.

Kwetu kazi ilikuwa pamba. Kila nyumba ilipimiwa shamba, upende usipende, na aliyeliacha liote majani alikwenda gerezani, na gerezani kulikuwa na fimbo. Mume wangu akiinua jembe mara chache tu alikaa chini akikohoa. Nikalima mimi. Nilipanda, nikapalilia, na mimba ikaanza kunikaa wakati pamba yenyewe imefika magotini. Ndipo miguu ikaanza kuvimba, nikashindwa kuinama, majani yakanitangulia.

Polisi wa sultani alitukuta mbele ya nyumba asubuhi.

"Shamba yako iko na majani," alimwambia mume wangu.

"Kifua yangu iko mubaya. Unajua."

"Muke wako iko na mikono."

"Muke wangu iko na mimba. Na hata miye, hakuna mutu wa kunilazimisha. Mataifa yote ilikatala ile kazi ya nguvu."

Polisi alicheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, akamtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na sasa anapima uzito wake. Fimbo tuliijua, ina mwisho. Lakini miaka ile askari waliorudi na maneno midomoni waliogopwa kuliko chui, na aliyeshtakiwa kwa kuchafua vichwa vya watu alipelekwa kukaa nchi ya mbali, kusikojulikana atarudi lini.

Walimfunga kamba siku iliyofuata wakampeleka Kabambare, na kutoka Kabambare wakampeleka Kasongo, kwa kuwa jaji alikuwa huko.

Kabla sijaondoka kumfuata, sultani alimtuma mtu kwangu. Hakuja kwa ubaya. Alikaa, akapokea maji, akasema, "Ukiulizwa, sema bwana yako ndiye alilima, na ni mvivu tu. Mvivu anapigwa, anarudi nyumbani. Ukisema ingine, hutamuona tena."

Mama mkwe wangu alisikia kila neno. Tulitembea pamoja hadi Kasongo, tukilala vijijini, yeye amebeba kitunga cha chakula na mimi nimebeba tumbo. Njia nzima aliyarudia maneno yale yale. "Sema vile, mwanangu. Mimi sitaki sheria. Nataka mtoto wangu." Nilimwahidi. Na sikuahidi kwa kumtuliza tu. Niliona ana haki.

Chumba cha jaji kilikuwa na joto. Jaji alikuwa kijana, shingo yake imechubuka kwa kola. Pembeni aliketi mtawala wetu wa Kabambare, mguu juu ya mguu. Mkalimani alisimama katikati. Mama mkwe walimzuia mlangoni.

Mume wangu alisema yote. Hakupiga kelele. Alisema alikwenda vitani kwa sababu mapatano ya mataifa yalivunjwa, na sasa anauliza kama mapatano hayo ni ya Wazungu peke yao.

Mtawala alijibu taratibu, kama mtu aliyezoea swali hilo. Mkalimani akatafsiri: sheria hiyo iko, ni kweli. Lakini pamba si kazi ya lazima. Ni mafundisho. Mwenyeji anafundishwa kulima, pamba inabaki yake, naye analipwa.

Nilimwona mume wangu akipepesa macho. Alikuwa amebeba neno lile kutoka Misri kama mkuki, na mtu amelichukua mkononi mwake kirahisi tu.

"Mafundisho ya fimbo?" alisema.

Mkalimani alisita. Nilimwomba Mungu asitafsiri. Akatafsiri. Shingo ya mtawala ikawa nyekundu, na huko nje nikasikia kikohozi cha mama mkwe.

Jaji akanigeukia mimi.

"Mama, ile shamba, nani alilima?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeutembeza kutoka Wamaza mpaka Kasongo. Mume wangu hakunitazama; aliangalia ukuta, nadhani ili nisisome chochote usoni mwake. Nikatazama mikono yangu, imepasuka kwa mpini wa jembe. Nikisema tu alilima yeye, nilifikiri, basi mimi nilikuwa wapi mwaka mzima?

"Ni miye," nilisema.

"Kwa kupenda yako?"

"Polisi ilisema nisipolima, bwana yangu atafungwa."

"Ulikuwa na mimba?"

"Ilikuwa inaonekana."

Jaji aliweka kalamu chini. Akamwambia mtawala maneno machache ya Kifaransa, na mtawala akajibu kwa maneno mengi, safari hii miguu yote ikiwa sakafuni. Mkalimani hakutafsiri. Wakamrudisha mume wangu gerezani. Hakuna aliyetuambia kama nimemwokoa au nimemzika.

Mama mkwe hakunisemesha. Tulikaa kwa ndugu zake pale pale Kasongo, karibu na misheni, na kila jioni aliniletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaweka sahani chini, akaondoka. Nilijifungua mtoto wa kike mvua zikiwa zimekolea. Alimwosha, akamfunga kwa kikwembe chake mwenyewe, nguo anayojifunga kiunoni, akanikabidhi. Siku za soko nilisimama ng'ambo ya gereza na mtoto mgongoni, nikiangalia nani anatolewa. Wengine walitolewa wakapandishwa lori, na lori hilo halikuelekea kwetu.

Siku moja akatoka yeye, amekonda, kofia mkononi. Hapakuwa na hukumu tuliyosomewa. Aliambiwa tu kwamba asilitaje tena neno mataifa Wamaza. Mama mkwe alimshika uso kwa mikono miwili, kisha akanivuta na mimi, akalia begani pangu kwa muda mrefu.

Ni mkalimani aliyemweleza mume wangu mlangoni mwa gereza kilichosemwa kwa Kifaransa. Hata pale sheria ile inapomruhusu mtawala kumwita mtu kazini kwa lazima, inaruhusu wanaume wazima tu. Mwanamke hapana, kamwe, na mtawala hakutaka hilo liandikwe kesini. Mume wangu hakuwa akilijua jambo hilo. Yule mwalimu wa Tanganyika alitoka hospitalini kabla hajawasomea kipande hicho.

Tulirudi Wamaza. Pamba haikuondoka. Ila polisi wa sultani akinikuta shambani alipiga kelele kutoka njiani, "Mama, toka humo! Hatutaki maneno ya Kasongo!" Tangu mwaka ule, katika kijiji chetu, hakuna mwanamke aliyeitwa kwenye pamba kwa jina lake; waliitwa waume tu. Wake waliendelea kulima, kwani nani angemwacha mumewe apigwe? Mume wangu lilimuuma hilo. "Nilitaka mlango," alisema, "wamenipa dirisha."

Kifua kilimchukua kabla ya uhuru. Msimu uliofuata mpimaji wa mashamba alisimama mbele ya nyumba yangu, akauliza kama kuna mwanaume ndani. Nikamwambia hayupo. Akakunja kamba yake ya kupimia polepole bila kunipimia shamba, akavuka kwenda kwa jirani yangu, ambaye mumewe alikuwa hai.